Saba Nukta Mbili

Saa nane za usiku, maabara yetu ya Tononoka,
feni inazunguka kwa kujilazimisha.
Mkononi nina damu ya Mishi Dzombo,
miaka kumi na sita, sukari imekishinda kipimo.
Muuguzi Kadzo hataki kuondoka mlangoni:
"Anahema kama aliyekimbia toka Likoni,
na tangu magharibi hajashuka kitandani."

Najua. Mapafu yanaitoa asidi kwa pumzi,
kwani mlango uliobaki ni huo.

Naingiza damu kwenye mashine. Nasubiri.

Nilipokuwa mdogo, Majengo,
leso ya mama iliingia doa la manjano, la mchuzi wa kupaka.
Akaisugua kwa sabuni ya mche,
doa likageuka jekundu, nami nikaangua kilio:
leso inatoka damu!
Mama akakamua ndimu, matone mawili matatu,
doa likarudi manjano.
"Haikuumia," akasema. "Imejibu."

Chuoni wakaniambia yaliyobaki.
Kwamba seli, kwa kuishi tu, huchachuka.
Kila tonge inalolichoma lina moshi,
na moshi wenyewe ni mkali kama siki.
Haikukosea kitu. Hakuna kuishi kusikochachua.

Basi kwenye utando ikaweka bawabu.
Huyo hapigi kelele:
huingiza chembe moja ya sodiamu,
hutoa haidrojeni moja,
nipe nikupe, bila risiti.
Lakini sodiamu nayo haifai kurundikana ndani,
kwa hivyo uani yuko mwingine
anayeisukuma nje, tatu kwa mbili,
usiku na mchana, na huyo habembelezwi kwa maneno,
anakula.
Niliposoma hayo niliweka kalamu chini.
Kumbe hata utulivu una bili yake.

Na humo humo ndani, usisahau,
mna vifuko ambamo uchachu umewekwa makusudi
wa kusaga mabaki na kuyeyusha yaliyochakaa.
Sebuleni saba nukta mbili,
kwenye vifuko nne nukta nane,
nyumba moja, na ukuta kati yake mwembamba kuliko ute.
Mpika achari haichukii siki.
Anachochunga ni kifuniko.

Mashine imelia.
Sita nukta tisa tano.

Ukiiona kwenye karatasi utasema pengo dogo,
chini ya nusu kutoka pale damu inapotakiwa iwe.
Lakini ngazi hii kila kipandio ni mara kumi;
nusu yake tu ni mara tatu.
Naandika, mkono wangu si wangu. Napiga simu.

Daktari kijana anauliza: tumpe bikaboneti, tuizime asidi?
Namsikia Daktari Mwachiro nyuma yake, sauti ya usingizi:
"Zima moto kwanza. Insulini. Maji ya chumvi.
Potasiamu uitazame kama mtoto anayetambaa.
Sakafu seli zitapangusa zenyewe, wao ndio wenye nyumba."

Saa kumi: saba nukta sifuri sita.
Saa kumi na moja unusu: saba nukta moja nne.
Nje mtu anafagia, mwadhini anakohoa kabla ya kuanza.
Mimi sikufanya lolote katika hayo.
Nilisoma namba.
Kazi ilifanywa na mabawabu wasio na majina,
bilioni kwa bilioni, chini ya ngozi ya msichana mmoja,
moja ndani, moja nje,
na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ni usiku.

Saa mbili asubuhi Kadzo amerudi, viatu mkononi.
Mishi ameamka, anasema.
Anasemaje?

"Anataka achari ya embe."

Umempa?

"Nimempa maji."